Kupima Nguvu ya Vitu Vyepesi Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Ndoo, Rula na Karatasi

Chukua utepe wa karatasi ya kuchapishia, uutundike, kisha uurefushe kwa mawazo: mita 100, kilomita 1, kilomita 3. Ukiwa umekatwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, utafika kilomita 5 au 6 hivi ndipo ukatike kwa uzito wake wenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa nondo ya chuma cha kawaida, ile inayohimili megapaskali 400 ikivutwa (yaani mzigo wa kilo 40 hivi kwa kila milimita ya mraba ya unene wake). Nayo itakatika ikifika kilomita 5 na kidogo. Unene haujalishi hapa, kwa sababu nondo nene ina nguvu zaidi lakini pia ina uzito zaidi kwa kiwango kilekile. Karatasi tunayoichana kwa vidole, ikipimwa kwa uzito wake, inakaa meza moja na chuma.

Sikuliamini jambo hili mpaka nilipolipima mwenyewe, na nilipima vibaya kwa muda mrefu kabla ya kupima vizuri. Yafuatayo ni namna ya kulipima bila maabara, pamoja na vipimo vingine vitatu vinavyofuata kutoka hapo. Vifaa vyote unaweza kuvipata nyumbani, isipokuwa labda mizani ndogo.

Kwanza, nguvu ipi?

Neno "nguvu" linabeba mizigo mingi mno. Kuna nguvu yenyewe, yaani mzigo unaoweza kubebwa kabla ya kitu kukatika. Kuna ukakamavu, yaani kitu kinapinda au kunyooka kiasi gani chini ya mzigo kabla hata hakijavunjika. Kisha kuna ushupavu, ule uwezo wa kupigwa bila kupasuka. Kioo kina ukakamavu mkubwa lakini hakina ushupavu. Utepe wa mpira uko kinyume chake. Katika daftari lako usiandike kamwe "hiki kina nguvu kuliko kile" bila kusema ni nguvu ipi, kilisukumwa au kilivutwa upande gani, na kilikuwa na uzito gani.

Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba kitu kinachorudi katika umbo lake hunyooka kwa kadiri kinavyovutwa: mzigo ukiwa maradufu, kunyooka nako ni maradufu. Kanuni hiyo itakusaidia kujua ni wapi kitu chako kinaanza kuchoka. Mradi mshuko, yaani kiasi ambacho kitu kinashuka chini ya mzigo, unaongezeka sawasawa na mzigo, uko salama. Ukianza kuongezeka kwa haraka kuliko mzigo, kuna kitu ndani kimeanza kuachia.

Vifaa

Utahitaji ndoo ya lita 10 yenye mkono imara, chupa ya plastiki, rula ya chuma, wembe au kisu cha karatasi, gundi nyeupe ya mbao (ile inayoyeyuka kwa maji ikiwa mbichi), vijiti vya mviringo vyenye unene wa penseli, kamba nyembamba, na mizani ya jikoni. Kama mizani yako inaishia kilo 5, pima maji kwa mafungu. Kama huna mizani kabisa, lita moja ya maji ni kilo moja, nayo chupa yenye alama za ujazo inatosha kuanzia.

Weka mto mzee au godoro dogo chini ya ndoo, na usiiache iwe juu zaidi ya sentimita 10 kutoka kwenye mto huo. Ndoo yenye kilo 8 ikidondoka juu ya kidole cha mguu haina mzaha. Vaa miwani unapopima mianzi, mbao au plastiki ngumu, maana vipande vyake huruka.

Hatua ya 1: Jua uzito wa kitu chako kabla ya kukivunja

Napendekeza uanze na karatasi, kwa sababu uzito wake umeshaandikwa kwenye paketi. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita ya mraba. Ikiwa paketi imeandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba, basi kila karatasi ina gramu 5. Unene wake nao haupimiki vizuri kwa rula ukiwa na karatasi moja, lakini paketi ya karatasi 500 ina kimo cha takriban sentimita 5, kwa hiyo moja ni kama milimita 0.1. Njia hii ya kupanga vingi ndipo ugawanye itakufaa kwa kila kitu chembamba: uzi, filamu ya plastiki, hata nywele.

Kwa vitu vingine, tafuta densiti: pima uzito, gawa kwa ujazo. Maji yana kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, chuma kama 7,850, alumini 2,700. Mbao ya balsa, ile nyepesi mno, huwa kati ya 100 na 250, na polistirini nyeupe ya kufungashia vyombo, kati ya 15 na 30 mara nyingi. Ukipata polistirini yenye kilo 300, umekosea desimali.

Hatua ya 2: Tafuta mkondo wa nyuzi

Karatasi hutengenezwa kwa rojo la nyuzi linalomwagwa juu ya wavu unaokimbia, nazo nyuzi nyingi hulala kuelekea upande wavu unakokwenda. Ndiyo maana karatasi ina nguvu karibu maradufu upande mmoja kuliko mwingine. Ukikata tepe zako ovyo, matokeo yatakuwa vurugu na utailaumu mizani.

Kata kipande cha mraba cha sentimita 5, weka alama ya penseli kuonyesha upande mrefu wa karatasi kubwa, kisha lowesha uso mmoja tu. Nyuzi zinapolowa huvimba kwa unene zaidi kuliko kwa urefu, basi kipande kitajikunja kama mrija, na mrija huo utalala sambamba na nyuzi. Inachukua sekunde chache. Mbao na mianzi havihitaji kuloweshwa, kwani nyuzi zake unaziona.

Hatua ya 3: Kipimo cha kuvuta

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Nilikuwa nikibana utepe kwa selotepu juu na chini, ninamimina maji, na kila mara ulikatika au ulichomoka palepale kwenye selotepu. Nilijaza kurasa kadhaa za namba safi. Zilikuwa ni vipimo vya selotepu.

Tiba ni umbo. Kata kipande chenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 21, kisha kipunguze katikati mpaka kibaki na upana wa milimita 15 kwa urefu wa sentimita 4 hivi. Mpito kutoka upana mkubwa kwenda mdogo uwe wa mviringo mpole, si kona. Kona hukusanya mkazo mahali pamoja, nayo karatasi itachanika kuanzia hapo kabla ya wakati wake. Tumia wembe mpya na usirudie mkato. Pindisha kila ncha kuzunguka kijiti na uigandishe nyuma yake yenyewe kwa sentimita 2 za gundi. Acha ikauke usiku kucha.

Sasa una kitanzi juu na kitanzi chini, kila kimoja kina kijiti. Kijiti cha juu kitundike kwa kamba mbili, moja kila upande wa karatasi, zenye urefu sawa. Cha chini vivyo hivyo kibebe ndoo. Kamba moja ikiwa fupi, ukingo mmoja wa karatasi utabeba mzigo wote na kuchanika kama zipu. Angalia kwa jicho kabla ya kumimina: karatasi iwe imenyooka bila mkunjo upande wowote.

Toboa chupa tundu dogo kwenye kifuniko, ijaze maji, igeuze juu ya ndoo. Maji yatiririke taratibu, kwa kasi ileile kila mara. Leonardo da Vinci alichora chombo cha aina hii kwa ajili ya kupima nyaya za chuma: kapu linaloning'inia, mchanga unaotiririka kutoka kwenye tundu, na springi ya kuziba tundu mara waya unapokatika. Mimi sina springi, natumia kidole gumba. Karatasi ikikatika, ziba, kisha pima ndoo, maji, kijiti cha chini na kamba zake, vyote kwa pamoja. Kusahau uzito wa ndoo yenyewe ni kosa la kila anayeanza.

Rudia kwa vipande visivyopungua vitano kwa kila upande wa nyuzi. Kilichokatika kwenye kitanzi kiandike, lakini usikihesabu. Panga namba zilizobaki kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. Wastani wa kujumlisha na kugawa huharibiwa na kipande kimoja chenye mchano usioonekana.

Hatua ya 4: Geuza kilo kuwa kilomita

Utepe wenye upana wa milimita 15 wa karatasi ya gramu 80 una gramu 1.2 kwa kila mita (80 mara 0.015). Tuseme ulikatika kwa kilo 6.9. Gawa gramu 6,900 kwa 1.2: unapata mita 5,750. Huo ndio urefu wa kukatika, na viwanda vya karatasi vimeutumia kipimo hiki kwa miaka mingi. Vipande vyangu vilivyokatwa kukingama na nyuzi vilikatika kwa kilo 3 na kitu, yaani chini ya kilomita 3.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji kujua unene. Unahitaji uzito uliokata na uzito wa mita moja, basi. Unaweza kukitumia kwa uzi wa kushonea, mshipi wa kuvulia, unyuzi wa mkonge, utepe wa plastiki, hata ubua wa nyasi. Usishangae nailoni ikikupa makumi ya kilomita. Kevlar, zile nyuzi za fulana za kuzuia risasi, hupita kilomita 200. Kwa uzi, usifunge fundo, kwa kuwa fundo lenyewe hupunguza nguvu sana. Uzungushe mara nyingi kwenye kijiti kinene ndipo ufunge mwisho wake.

Hatua ya 5: Kipimo cha kupinda

Hapa umbo la kitu linaanza kuwa na uzito kuliko hata kile kilichotumika kukitengeneza.

Shika rula ya plastiki yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3. Ilaze juu ya vitabu viwili na uibonyeze katikati: inashuka. Isimamishe kwa ukingo: haitikisiki. Ukakamavu wa boriti huenda kwa upana mara kimo mara kimo mara kimo. Ikiwa imelala, ni 30 × 27, yaani 810. Ikiwa imesimama, ni 3 × 27,000, yaani 81,000. Plastiki ileile, uzito uleule, tofauti mara 100.

Kwa kipimo chenyewe, weka nguzo mbili zenye kingo za mviringo (penseli mbili zilizogandishwa juu ya vitabu zinatosha) kwa umbali wa milimita 200. Umbali huo uwe angalau mara 16 ya unene wa kitu unachopima, la sivyo hesabu itadanganya. Ning'iniza mzigo mdogo katikati na upime mshuko kwa rula iliyosimamishwa nyuma. Ongeza mzigo kidogo kidogo, andika kila mshuko, chora grafu. Mstari ukiwa mnyoofu, Hooke yuko nawe.

Ukakamavu wa kitu chenyewe, bila kujali umbo, unaupata hivi: kani (uzito wa mzigo kwa nyutoni) mara urefu (umbali kati ya nguzo, kwa milimita) mara urefu mara urefu, gawa kwa (4 × upana × unene × unene × unene × mshuko). Mfano wa kipande cha balsa chenye upana wa milimita 10 na unene wa 3, mzigo wa gramu 100 (nyutoni 0.98), mshuko milimita 2.4. Juu unapata 7,840,000. Chini unapata 2,592. Jibu ni kama nyutoni 3,025 kwa milimita ya mraba, yaani gigapaskali 3. Chuma kina 200 hivi na alumini 70, kwa hiyo ukiishia hapo utaona balsa ni kitu dhaifu.

Lakini usiishie hapo. Kwa boriti nyepesi, cha kulinganisha ni kipeuo cha pili cha ukakamavu kwa gigapaskali, ukigawa kwa densiti kwa maelfu ya kilo (7,850 inakuwa 7.85). Chuma: kipeuo cha 200 ni 14.1, gawa kwa 7.85, unapata 1.8. Alumini inapata 3.1. Balsa yenye densiti ya kilo 160 na gigapaskali 3 inapata karibu 11. Boriti ya balsa yenye uzito uleule itakuwa nene zaidi, na kile kimo mara kimo mara kimo tulichokiona kwenye rula kinalipa deni lote.

Tahadhari moja: ukikosea unene kwa asilimia 10, jibu lako linakosea kwa takriban asilimia 30. Pima unene mahali pasipopungua patatu.

Hatua ya 6: Nguzo ya gramu 5

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, nacho kinahitaji karatasi nne tu. Kila moja ina gramu 5. Zikunje zote ziwe mirija yenye kimo cha sentimita 21: moja iwe na kipenyo cha penseli, nyingine sentimita 2 au 3, nyingine 6, ya mwisho 9 hivi, ambayo ni mzunguko mmoja tu. Gandisha ukingo wa nje kwa mstari mwembamba wa gundi. Kingo za juu na chini ziwe sawa kabisa. Mrija uliokatwa mshazari huanza kuvunjika kona moja na hautakwambia lolote.

Weka ubao mwepesi juu na uanze kupanga vitabu, kimoja kimoja, katikati kabisa.

Mrija mpana wa sentimita 9 ulikunjamana ukutani kama soksi, mapema kabisa. Ukuta wake una karatasi moja tu, na kabla nguzo haijafika uwezo wake, ukuta umeshabonyea. Mrija mwembamba kama penseli una ukuta mnene wa matabaka zaidi ya kumi na haubonyei. Badala yake, nguzo nzima hupinda ubavuni katikati na kuanguka. Ule wa sentimita 2 hadi 3 ulibeba mpaka nikaishiwa vitabu vizito.

Kupinda huko kwa nguzo nyembamba kulielezwa kwa hesabu na Leonhard Euler mwaka 1744. Sehemu yake inayofaa kukaa kichwani ni hii: ukiongeza urefu wa nguzo maradufu, mzigo unaoiangusha unabaki robo. Jaribu kwa mrija wa kunywea, mzima halafu nusu. Galileo naye, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alikuwa ameshaonyesha kwamba mifupa ya ndege na mabua ya nafaka ni mitupu ndani kwa sababu hiyohiyo: kitu kilekile, kikisogezwa mbali na katikati, kinapinga kupinda zaidi.

Kati ya mirija hiyo minne kuna kipenyo bora zaidi. Kitafute mwenyewe kwa hatua za milimita 5. Sikutajii changu kwa sababu kinategemea karatasi na mikono yako.

Hatua ya 7: Ubao wa tabaka tatu

Kata polistirini yenye unene wa milimita 10 iwe vipande vitatu vya sentimita 5 kwa 25. Kimoja kiache kitupu. Cha pili kiwekee karatasi juu na chini bila gundi. Cha tatu kigandishe karatasi pande zote mbili, nyuzi zikielekea urefu. Tumia gundi nyeupe ya maji pekee. Gundi zenye kiyeyushi kikali huiyeyusha polistirini mbele ya macho yako, na utabaki na shimo lenye harufu. Weka chini ya vitabu kwa saa 24, kwani unyevu hauna pa kutokea haraka.

Sasa vipinde vyote vitatu kama katika hatua ya 5. Kwa hesabu tupu, karatasi mbili zilizotenganishwa kwa milimita 10 na kushikamanishwa zina ukakamavu karibu mara 30,000 ya karatasi hizohizo zikilazwa pamoja bila gundi. Hutaipata namba hiyo, kwa sababu polistirini katikati huteleza kwa ndani na kula sehemu ya faida. Lakini utakachokipata kitakuchekesha. Ndege ya vita ya de Havilland Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1940, ilijengwa kiwiliwili chake kwa namna hii: plaiwudi nje na ndani, balsa katikati.

Tazama kwa makini kipande cha tatu kinapokufa. Karibu kila mara karatasi ya juu ndiyo inayokunjamana kwanza, wakati ya chini, inayovutwa, bado ni nzima. Karatasi huvumilia kuvutwa kuliko kugandamizwa. Basi tengeneza kipande cha nne chenye karatasi mbili juu na moja chini, ulinganishe na chenye moja juu na mbili chini. Uzito ni uleule.

Yanayoharibu vipimo

Unyevu ndio adui mkubwa. Karatasi na mbao hunywa maji ya hewani na kulegea. Maabara za karatasi huhifadhi sampuli kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50 kabla ya kupima. Wewe huna chumba hicho, basi pima vipande vyote unavyotaka kulinganisha siku moja, saa zinazokaribiana, na usivishike katikati kwa vidole vyenye jasho.

La pili ni matumaini. Ukijua ni kipande kipi "kinapaswa" kushinda, mkono wako utamimina kwa upole zaidi. Andika namba ndogo nyuma ya kila kipande, changanya, na umwombe mtu mwingine akukabidhi kimoja kimoja.

La tatu ni muda, nalo linastahili jaribio lake. Mbao inayobeba mzigo kwa miaka 10 huhimili kama asilimia 60 tu ya ule inaohimili kwa dakika chache za maabara. Karatasi nayo huchoka, tena upesi. Tengeneza vipande vitano kama vya hatua ya 3, vitundikie vyote mzigo wa asilimia 80 ya ule uliovikata ulipomimina maji, na uandike saa. Vingine vitakatika kabla hujamaliza kuosha mikono. Kwa vitakavyobaki, funga ndoo kwa kifuniko, weka saa ya ukutani ya betri juu ya mto, chini ya ndoo, mahali ambapo ikidondoka itaigonga na betri itachomoka. Utakapoamka, mishale itakuwa imesimama kwenye saa kamili ambayo karatasi iliachia.